Rajinikanth: Konda aliyewateka Watamil, na kwa nini tiketi zake hazikugeuka kura

Wadau wa picha za Kihindi wa enzi za kanda mtakuwa mnaikumbuka Hum ya 1991, ile ya Jumma Chumma, ndugu watatu, mkubwa Amitabh Bachchan, mdogo Govinda, na katikati pale kuna jamaa anacheza polisi. Wengi tulimpita tu yule wa katikati, macho yote kwa Amitabh. Sasa mwaka huohuo ukishuka kusini mpaka Madras, siku hizi Chennai, yule wa katikati ndo alikuwa steringi wa masteringi, watu wanakesha nje ya sinema kusubiri picha yake, wanapanda kwenye bango lake kulimwagia maziwa vilevile wanavyomwagia sanamu za miungu hekaluni. Jamaa anaitwa Rajinikanth, na hata leo ukiwauliza wabongo kumi wanaojiita wajuzi wa picha za Kihindi, sidhani kama wawili watakupa historia yake inayoeleweka.

Na siwalaumu, maana habari yake ina mafundo. Ni nyota mkubwa kuliko wote wa Watamil lakini kwao sio Mtamil. Aliingia kwa kucheza adui, akaishia kuwa mtu ambaye huruhusiwi kumuua kwenye picha. Amecheza hadithi nyingi za kurudia za mtu mwingine na bado kila mtu anamwona wa kipekee. Halafu kuna siasa: kwa miaka 25 nchi nzima inasubiri awe waziri kiongozi wa Tamil Nadu, jimbo la Watamil, kila mwaka anakaribia, mwisho wa siku hakuwahi kugombea hata udiwani. Haya mambo yanaonekana hayana uhusiano ila kwa jinsi ninavyoona mimi ni jambo moja, na ukilishika vizuri mengine yanafunguka yenyewe.

Kwanza tuweke sawa kitu kimoja. Huku kwetu picha yoyote yenye mtu anaimba anakimbia kwenye maua tunaiita ya Kihindi, basi. Lakini India haina kiwanda kimoja cha picha. Mumbai wanatengeneza za Kihindi chenyewe, Hyderabad za Kitelugu, Kerala za Kimalayalam, Bengaluru za Kikannada, na Chennai, hasa mtaa wa Kodambakkam, ndo nyumbani kwa za Kitamil. Kitamil sio lahaja ya Kihindi, ni ukoo mwingine kabisa wa lugha, na Watamil ni watu wanaoipenda lugha yao mpaka kuifia, kweli sio kwa maneno, miaka ya 60 kuna watu walijichoma moto kupinga kulazimishwa Kihindi. Kwa hiyo kumteka Mtamil ukiwa mgeni wa lugha sio mchezo.

Sasa huyu mgeni. Alizaliwa 12 Desemba 1950 Bengaluru, wakati huo ikiitwa Bangalore, jina lake Shivaji Rao Gaekwad, nyumbani wanaongea Kimarathi, shuleni Kikannada, baba yake konstebo wa polisi, mama akafariki yeye bado mdogo. Akafanya vibarua vya hapa na pale mpaka akapata kazi ya ukonda kwenye mabasi ya shirika la usafiri la mji. Na hapa ndo stori zote za Rajini zinapoanzia, wanasema hata kukata tiketi alikuwa anakata kwa mbwembwe, chenji anarudisha kwa mbwembwe, abiria wanaacha basi tupu wanasubiri lake. Sasa kama hii imetiwa chumvi au la mi sijali sana, muhimu ni kwamba dereva wake, Raj Bahadur, alimwona anavyoigiza kwenye maigizo ya jukwaani akamwambia nenda ukasomee, akawa anamsaidia hela, na mwaka 1973 jamaa akajiunga na chuo cha filamu Madras. Urafiki wao bado upo, Rajini hajamsahau yule dereva, hata 2021 alipopokea ya Dadasaheb Phalke, ambayo ndo ya juu kabisa kwa watu wa filamu India, alimtaja.

Chuoni akaonwa na mwongozaji K. Balachander, mtu mzito sana kwenye fani, akamwambia ajifunze Kitamil kwanza. Jina la Shivaji likawa tatizo maana tayari kulikuwa na gwiji Sivaji Ganesan, kwa hiyo mzee akambatiza Rajinikanth, jina la mhusika kwenye kazi yake ya zamani. Agosti 1975 ikatoka Apoorva Raagangal na konda wetu anaonekana kwa mara ya kwanza akisukuma geti la nyumba, nguo zimechakaa, ndevu hazijanyolewa, ni mume aliyetoroka anarudi akiwa mgonjwa wa kansa. Dakika chache tu. Steringi alikuwa Kamal Haasan, kijana mweupe, mzuri, mcheza dansi, aliyeanza kuigiza tangu mtoto. Huo ndo ulikuwa mfano wa steringi wa Kitamil wakati huo, MGR, nyota mkubwa wa kabla yao, alikuwa hivyo, mweupe, mashavu yanang'aa. Rajini alikuwa mweusi, nywele zimesimama, macho makali, anaongea haraka mpaka maneno yanagongana, na Kitamil chenyewe cha kujifunzia ukubwani. Kwa vigezo vya siku zile kazi yake ilikuwa moja tu, kuwa adui.

Na akawa adui kweli. Moondru Mudichu ya 1976 anamwacha rafiki yake azame ziwani kwa sababu anamtaka mchumba wake. 16 Vayathinile ya 1977, ya mwongozaji Bharathiraja, ni mhuni wa kijijini anayekaa chini ya mti kusumbua wasichana. Lakini kuna kitu kikatokea ambacho hakuna mtu alikipanga. Alikuwa anarusha sigara hewani inatua mdomoni. Anazungusha miwani kidoleni kabla ya kuivaa. Anatembea haraka kama anachelewa mahali. Watu wakaanza kupiga miluzi kwa adui, na ukishaona ukumbi unapiga miluzi adui anapoingia ujue mtu wa hesabu naye kashaanza kupiga hesabu.

Mtu wa hesabu mwenyewe alikuwa msambazaji anaitwa S. Thanu. Mwaka 1978 Rajini alipata picha ya kwanza akiwa steringi peke yake, Bairavi, na Thanu aliyekuwa na haki za kuisambaza akasimamisha bango kubwa lililokatwa kwa umbo lake kwenye sinema ya Plaza pale Madras akaandika juu yake Superstar. Mwigizaji ana miaka mitatu kwenye fani! Rajini mwenyewe inasemekana aliona aibu. Naomba ulishike hili, cheo hakikutoka kwa wakosoaji wala serikalini wala kwenye tuzo, kilitoka kwa mtu aliyelipa hela kununua picha na alitaka hela yake irudi.

Ili uelewe kwa nini hilo ni muhimu inabidi ujue hela za picha za Kitamil zilikuwa zinazungukaje. Mtengenezaji anakopa, kwa riba inayouma, anaanza kupiga picha. Kabla haijaisha anaiuza kwa wasambazaji kwa maeneo, huyu anachukua upande wa Chennai na vitongoji vyake, huyu Coimbatore, huyu Madurai, huyu nje ya nchi. Msambazaji naye anakwenda kwa mwenye sinema anamwambia nipe kiasi fulani sasa hivi, cha uhakika, picha ikibamba au ikibuma hela hairudi. Yaani hasara inasukumwa kwenda chini kwenye mnyororo mpaka kwa mwenye sinema wa mji mdogo huko ambaye hata script hajaiona. Huyo wa mwisho analipa kwa sababu ya kitu kimoja tu, jina la steringi. Anajua huyu jamaa ana mashabiki waliojipanga kwenye vyama, kila mtaa una tawi na mwenyekiti wake, na siku ya kwanza watajaza kuanzia alfajiri hata kama picha ni mbovu. Bei ya steringi basi sio bei ya kuigiza, ni bei ya siku tatu za kwanza. Ukiielewa hii ndo utaelewa kwa nini huko mbele jamaa atafanya jambo ambalo waigizaji wengi hawalifanyi.

Turudi 1978. Mwaka ule alifanya picha kama 20, mwaka mmoja, lugha tofauti, analala kwenye gari kati ya studio na studio. Katikati ya vurugu hiyo kuna Mullum Malarum ya mwongozaji Mahendran, kaka mwenye hasira na dada yake anayempenda kupita kiasi, na kama unataka kujua huyu mtu anaweza kuigiza au ni sigara tu anza na hiyo, hamna mbwembwe, unamwona mtu. Nasikitika kusema waliokuja kumwita mwigizaji wa miwani wengi hawajaiona. Lakini kasi ile ikamfikisha mahali mwili na akili vikagoma, akalazwa, watu wakaanza kuandika kwamba ndo kaisha huyo.

Alirudi kwa Billa, mwaka 1980. Na Billa ni nini? Ni Don ya Amitabh ya 1978, kwa Kitamil.

Hapa wale wa kanda mtafurahi maana kumbe kazi zake kadhaa za miaka ya 80 mnazijua tayari. Thee ya 1981 ni Deewaar. Padikkathavan ni Khud-Daar. Mr. Bharath ni Trishul. Velaikkaran ni Namak Halaal. Panakkaran, ya 1990 mwanzoni, ni Laawaris. Yule kijana mwenye hasira wa Mumbai aliyeonewa na matajiri akapanda juu kwa ngumi zake, Rajini alimchukua akamvalisha kanzu ya kusini. Sasa mtu anauliza, kama anarudia za mwenzake upekee uko wapi? Ukizitazama mbili kwa pamoja unaona. Amitabh ni mrefu, sauti nzito, hasira yake inachemka chini kwa chini, ana hadhi ya mtu wa familia nzuri aliyedhulumiwa. Rajini ana hasira ya mtu wa stendi. Anachekesha hapohapo anapopigana, na tajiri akimdharau hajibu kwa hotuba, anajibu kwa kutengeneza nywele. Wale wenye bajaji, wauza maziwa, wabeba mizigo, walikuwa hawajawahi kumwona steringi mwenye rangi yao anayetembea hivyo. Weusi wake uliotakiwa umfungie kwenye uadui ndo ukawa mtaji.

Wakati huohuo yeye na Kamal walikaa wakakubaliana waache kucheza pamoja, kila mtu ashike njia yake, maana wakiwa picha moja wanagawana malipo na sifa. Uamuzi wa akili sana. Kamal akaenda kwenye majaribio, Rajini kwenye halaiki, na Watamil wakapata tena upinzani wa watu wawili kama ule wa MGR na Sivaji Ganesan, vijiwe vikapata cha kubishania kwa miaka 30.

Miaka ya 90 mwanzoni ndo kilele. Thalapathi ya 1991 ya mwongozaji Mani Ratnam imechukua habari ya Karna kutoka Mahabharata, utenzi wa kale wa India, shujaa aliyetupwa na mama yake utotoni akaja kuwa upande wa wanaoshindwa kwa sababu ya urafiki. Sasa anayeijua Mahabharata anajua Karna anakufa, na anakufa vibaya. Kwenye picha anayekufa ni rafiki yake, anachezwa na Mammootty wa Kerala. Rajini anabaki. Sisi tulishasema zamani kwenye vibanda umiza kwamba steringi hafi, kumbe kanuni yetu ina nguvu hata mbele ya maandiko ya miaka elfu mbili.

Mwaka 1992 Annamalai, muuza maziwa kwa baiskeli anayegeuka tajiri, na 1995 ndo Baashha, zote mbili mwongozaji Suresh Krissna. Baashha nitakaa nayo kidogo kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa chochote kilichofuata. Manikam ni dereva wa bajaji Chennai, mpole kupitiliza, anasomesha wadogo zake, anatukanwa anatabasamu, anafungwa kwenye nguzo na wahuni wanampiga mbele ya mtaa mzima na hainui mkono. Ukumbi unalia kwa hasira. Kidogokidogo unapata dalili kwamba huyu mtu sio anavyoonekana, kuna mkubwa wa polisi anamtazama usoni anashtuka, watu wengine wakimwona wanatetemeka. Mpaka siku mhuni anamgusa dada yake, ndo anainuka, na inajulikana kwamba zamani alikuwa bosi wa mjini Mumbai anayeitwa Baashha. Ile kauli yake kwamba akisema mara moja ni kama amesema mara mia mpaka leo watoto ambao hawakuwepo wanaijua. Ukiitazama vizuri nguvu ya picha haipo kwenye ngumi. Ipo kwenye ile nusu ya kwanza, kwenye kujua kwamba ana uwezo na amechagua kukaa kimya. Watazamaji walilipa wakamwone mtu akijizuia.

Na yeye nje ya picha anaishi hivyohivyo. Waigizaji wenzake wanapaka rangi nywele wanavaa wigi mpaka kwenye misiba, Rajini anatokea hadharani na upara wake, ndevu nyeupe, kanga nyeupe ya wanaume wa kusini, hana hata haja ya kuficha. Anakwenda zake Himalaya kutafakari kama mzee yeyote wa dini. Halafu wiki ijayo unamwona kwenye skrini nywele nyeusi tii anapiga watu kumi na mbili. Ungetegemea pengo lile limuumbue, kumbe ndo linamkuza, shabiki anajiambia, unaona, ni Manikam yule, akitaka anageuka.

Siasa ziliingia kwa mlango huohuo wa Baashha. Julai 1995 nyumba ya Mani Ratnam ilirushiwa bomu. Kwenye sherehe ya mafanikio ya Baashha Rajini akasimama akasema Tamil Nadu imeingiwa na utamaduni wa mabomu, na jukwaani kakaa R. M. Veerappan, mtengenezaji wa picha ambaye pia alikuwa waziri kwenye serikali ya Jayalalithaa, waziri kiongozi wa wakati huo. Veerappan hakujibu kitu, na baadae akaondolewa uwaziri. Uchaguzi wa 1996 ulipofika Rajini akatoa kauli kwamba Jayalalithaa akirudi madarakani hata Mungu hataweza kuiokoa Tamil Nadu, akaunga mkono muungano wa chama cha upinzani cha DMK na chama kipya cha TMC cha Moopanar aliyejitoa chama cha Congress. Alama ya TMC ilikuwa baiskeli, na picha ya Rajini na baiskeli ya Annamalai ikatumika. Jayalalithaa akafagiliwa mpaka jimbo lake mwenyewe akapoteza.

Hapo ndo kila mtu akaamini. Na kuamini kwao kulikuwa na sababu, maana pale siasa na filamu ni ndugu wa tumbo moja. Annadurai alikuwa mwandishi wa tamthilia na filamu, Karunanidhi mwandishi wa script, MGR mwigizaji, Jayalalithaa mwigizaji, wote wakawa mawaziri viongozi. Kwa hiyo kijiweni hesabu ikawa nyepesi, MGR alikuwa nyota akatawala, Rajini ni nyota mkubwa zaidi, basi atatawala. Na wapo wanaosema kilichomkwamisha ni kwamba sio Mtamil. Kwa mtazamo wangu hilo lilimsumbua lakini sio jibu, kwa sababu MGR naye hakuwa Mtamil, alizaliwa wilaya ya Kandy, Sri Lanka, kwenye familia ya Kimalayalam.

Tofauti yao iko kwingine. MGR alikuwa mwanachama wa DMK tangu 1953, picha zake zilikuwa mkono wa chama, rangi nyekundu na nyeusi za chama zinaingizwa kwenye nguo na seti, nyimbo zake ni sera zilizotiwa vinanda, na kwenye skrini havuti wala hanywi. Matawi ya mashabiki wake na matawi ya chama yalikuwa watu walewale. Alipofukuzwa DMK 1972 akaunda chama chake cha ADMK na akaondoka na mtandao ambao tayari unajua kugawa kadi, kuhesabu kura, kusimamia vituo, akashinda 1977. Rajini aliinuka kwa sigara. Mashabiki wake walikuwa wanajua kujaza sinema, kuchangia damu, kufunga mabango, lakini mmoja ni wa DMK, mwenzake ADMK, wa tatu hajiandikishi hata kupiga kura, na wote wanakaa tawi moja kwa amani kwa sababu bosi wao hajawahi kuwauliza.

Baba ya 2002 ilionyesha hilo ingawa wengi waliisoma kama habari ya filamu tu. Hadithi aliandika mwenyewe, hela aliweka mwenyewe, na mwisho wake ulikuwa unaacha alama ya kuuliza kama shujaa anaingia kwenye siasa au vipi. Chama cha PMK cha Dk. Ramadoss kikamjia juu kwa kuvuta sigara kwenye mabango, wafuasi wake wakavamia baadhi ya sinema. Lakini hata pasipo vurugu, watu waliiona wakatoka wanashangaa. Ikabuma. Na hapa ndo akafanya lile jambo: akawaita wasambazaji na wenye sinema akawarudishia sehemu kubwa ya hasara. Kisheria hakuna aliyemdai. Ukikumbuka ule mnyororo wa hela nilioueleza utaona haikuwa sadaka wala wazimu. Mwenye sinema wa mji mdogo analipa mapema kwa jina, jina likimwangusha bila kurudi kumwinua, picha ijayo hatalipa. Alilinda cheo alichopewa na msambazaji mwaka 1978. Ubaya wake, sijui kama aliliona, ni kwamba alifungua mlango, maana kuanzia hapo kila picha ikiyumba wasambazaji wanakuja na mikono wazi. Lingaa ya 2014 wakatishia kufanya maandamano ya kuombaomba barabarani, Darbar ya 2020 mwongozaji Murugadoss akaenda kuomba ulinzi wa polisi.

Baada ya Baba akakaa miaka mitatu bila picha. Watu wakasema kaisha, kama 1979. Akasema yeye sio tembo ni farasi, akianguka anainuka hapohapo. Aliinuka na Chandramukhi 2005, picha ya mzimu na akili iliyogawanyika ambayo yeye sio hata mhusika mkuu wa tatizo, ikakaa kwenye sinema ya Shanti Chennai zaidi ya siku 800. Sivaji ya 2007 na Enthiran ya 2010, zote za mwongozaji Shankar, zikafungua masoko ya nje, ingawa nje alishakuwepo, Muthu iliingia Japani 1998 ikapasua Tokyo kwa miezi, mpaka waziri mkuu Manmohan Singh alipohutubia Japani 2006 akaigusia.

Sasa uchaguzi wa bunge la taifa wa 2004 ndo unaonifanya nisiwe na shaka. Rajini akiwa na hasira na PMK akawaambia mashabiki wapige kampeni dhidi ya chama hicho kwenye majimbo kiliposimama. PMK ikashinda kote, na muungano wa DMK uliokuwa nao ukabeba viti vyote 39 vya Tamil Nadu. Mwaka uliofuata watu walewale wakaipeleka Chandramukhi siku 800. Yaani hawakumkasirikia, hawakumchoka, walimpenda vilevile, ila kura ni kura na tiketi ni tiketi. Ushindi wa 1996 ukiutazama kwa jicho hili, wimbi dhidi ya Jayalalithaa lilikuwepo tayari, yeye alilitamka kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Na bado 31 Desemba 2017 akatangaza anaingia, chama kitasimamisha wagombea majimbo yote 234, siasa za kiroho akaziita. Miaka mitatu ikapita, hakuna chama. Machi 2020 akasema hata hivyo hautaki uwaziri kiongozi yeye mwenyewe, jambo lililowaacha mashabiki hoi, maana hakuna aliyekuwa anasubiri mtu mwingine. Mwanzoni mwa Desemba 2020 akasema safari hii kweli, Januari chama kinazinduliwa. Siku ya Krismasi presha ikapanda akalazwa Hyderabad alikokuwa anapiga picha ya Annaatthe, na 29 Desemba akatoa barua, afya hairuhusu, samahanini. Julai 2021 akavunja kabisa jumuiya aliyokuwa ameiandaa.

Wapo waliomwita mwoga. Mi naona alikuwa amebaki nusu ya kwanza ya Baashha kwa miaka 25, na kila mtu akisubiri mapumziko yaishe. Nguvu yake yote ilikuwa kwenye kujizuia, kila mwaka asipoingia thamani inapanda, vyama vyote vinamnyenyekea, hata Modi, akiwa bado mgombea uwaziri mkuu wa India, alimtembelea nyumbani kwake 2014. Siku anasajili chama tu inabidi aseme msimamo wake kuhusu maji ya mto Kaveri, ambao Karnataka alikozaliwa na Tamil Nadu wanaugombania, kuhusu tabaka, kuhusu lugha, na kila jibu linampunguzia theluthi ya mashabiki. Sivaji Ganesan aliunda chama akaanguka kwenye jimbo lake mwenyewe 1989. Kamal aliunda chake 2018, akagombea Coimbatore Kusini 2021 akaanguka kwa kura chache. Vijayakanth ndo alifika mbali kidogo, kiongozi wa upinzani 2011, na umaarufu wa chama ukayeyuka miaka michache baadae. Wote hao waliinuka kwenye nguzo, ndo wakajulikana wana ngumi kiasi gani.

Filamu zenyewe hazikusimama. Kabali ya 2016 na Kaala ya 2018 alimpa kijana Pa. Ranjith, mwongozaji anayezungumzia matabaka ya chini waziwazi, na nadhani zile mbili zimesema siasa nyingi kuliko matangazo yake yote. Kabali iliandikwa mpaka kwenye ndege ya AirAsia, ofisi kadhaa za Chennai zikatoa likizo siku ya kwanza. Jailer ya 2023 ikavuka rupia bilioni 6, kampuni ya Sun Pictures ikampa cheki nyingine juu ya malipo pamoja na gari la BMW, na cha kuchekesha humo anacheza mkuu wa jela mstaafu anayempeleka mjukuu shule, babu mpole wa mtaani mpaka wamguse mwanae, nadhani mnaitambua hiyo script. Agosti 2025 ikaja Coolie ya Lokesh Kanagaraj, miaka 50 kamili tangu alipolisukuma lile geti, ana miaka 74, wakosoaji wakagawanyika, kumbi zikajaa. Mwigizaji Vijay aliyekuwa anatajwa kama mrithi wake yeye alianzisha chama 2024 na akasema anaachana na filamu. Rajini mwenyewe mwaka 2025 alikuwa anapiga picha nyingine, Jailer sehemu ya pili.